Mshipa wa Ngui

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti, Nyamai aliwasha hita ya tangi la kioo na kungoja maji ya chumvi yapate joto la mwili wa mtu. Maabara ilikuwa chumba kirefu katika ghorofa ya chini ya jengo la udaktari la chuo kikuu, na madirisha yake yalitazama uwanja wa kuegesha magari. Maji yakishapata joto, alitoa mshipa kwenye jokofu, akaunyoosha ndani ya tangi, akaufunga ncha zote mbili kwenye mirija ya kioo kwa uzi wa hariri, kisha akawasha pampu. Pampu ilisukuma maji kwa mapigo kama ya moyo. Mshipa ulipanuka na kunywea, na kalamu ndogo ya mashine ikachora vilima kwenye karatasi iliyokuwa ikijikunjua taratibu.

Huo ulikuwa mwaka wa 1978. Mkuu wa maabara hiyo alikuwa Dakta Khalayi, mpasuaji aliyesomea ng'ambo, na alitaka kujua jambo moja: mshipa wa marehemu ukishonwa kwenye mguu wa mtu aliye hai, utastahimili msukumo wa damu muda gani kabla haujapasuka kwenye mshono. Wodini alikuwa amekata miguu mingi ya watu ambao mishipa yao iliziba, naye alikuwa amechoka kukata. Akiwa anashona, alitoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Hakuwa mtu mbaya. Waliofanya kazi naye wanasema hivyo hadi leo.

Mishipa ililetwa kutoka chumba cha maiti. Ilikuwa ya watu waliokaa huko bila mtu yeyote kuja kuwachukua, na kwa hiyo waliitwa watu wasio na wenyewe. Karibu wote walikuwa wameokotwa Jogoo Road, Dandora na mitaa ya karibu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka upande wa pili wa mji, kule kwenye ua wa michongoma na mbwa. Maabara haikulichunguza hilo. Halikuhusu msukumo wa damu.

Jumatatu moja mwezi wa Mei stima ilipotea. Taa zilizimika, pampu ikanyamaza. Nyamai aliinuka kwenda kufunga vali, akaona mshipa ungali unapiga. Ulipanuka, ukanywea, ukapanuka tena. Alimwita Dakta Khalayi, wakasimama wote wawili mbele ya tangi katika mwanga wa dirishani.

Dakta alitazama saa yake ya mkononi, akahesabu kimoyomoyo. "Unapiga polepole," alisema. "Huyu alikuwa mtu mtulivu."

"Niufungue?"

"Uache. Na stima ikirudi usiwashe pampu. Mpira wake umeanza kulika, tuupumzishe."

Nyamai akaenda kunywa chai.

Jioni alipotoka, mtu alikuwa amesimama langoni akimngoja. Alikuwa Ngui, mchongaji, jirani yake wa Kaloleni, ambaye hakuwa ameonekana mtaani tangu Pasaka. Alivaa suruali yake ya kazi yenye vumbi la mbao na shati la buluu, na alikuwa akichechemea mguu wa kushoto.

"Ngui," Nyamai alisema. "Watu wamekutafuta."

"Najua. Tutembee, nitakwambia."

Walikata mjini, wakapita landi za Muthurwa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, wakaingia Jogoo Road katikati ya umati wa wafanyakazi waliokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu kama kila jioni. Ngui alieleza kwamba alikuwa akivuka barabara karibu na mahakama ya Makadara, amebeba gunia la vijiko vya kuchonga, vile vyenye vichwa vya twiga ambavyo watalii hupenda, lori likamgonga. Kitambulisho chake kilikuwa nyumbani, katika mfuko wa koti la kanisani. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali. Vijiko viliokotwa na wapita njia.

"Pole sana," Nyamai alisema.

"Nishapoa. Shida ni huu mguu. Una baridi kutoka pajani mpaka kwenye goti. Ni wewe ulinifunga na ule uzi asubuhi?"

"Ni mimi."

"Umekaza mno upande wa juu."

Nyamai alisema atalegeza kesho. Walipofika kwenye mfereji wa mtaa, ambapo akina mama walikuwa wamepanga ndoo, waliagana, na kila mtu akaenda kwake.

Mkewe Ngui aliitwa Kavata. Alikuwa mpishi katika shule ya watoto wadogo ya kanisa, mwanamke wa sauti ya chini asiyependa kuharakishwa. Binti yao wa pekee, Mwende, alikuwa ameolewa Kitui. Tangu mumewe apotee, Kavata alikuwa amekwenda kituo cha polisi na kuambiwa angoje. Alikwenda hospitali na kuambiwa aangalie wodi mwenyewe, akaziangalia zote. Alipofika chumba cha maiti mara ya kwanza, mwenye ufunguo hakuwepo. Mara ya pili kijana wa langoni alimwuliza mumewe alivaa nini, naye akasema shati la buluu. "Mathe, hapa hakuna mtu wa shati la buluu," kijana alijibu, na hilo lilikuwa kweli, maana nguo zilikuwa zimeshachukuliwa. Mara ya mwisho aliambiwa kwamba wasio na wenyewe walikuwa wameondolewa wiki iliyopita, waliobaki wote wana watu wao.

Ngui alipoingia, Kavata alikuwa amepiga magoti akipuliza jiko. Aligeuka, akamtazama.

"Umekula?"

"Mimi nimekufa, Mama Mwende."

Kavata aliweka mwiko chini. "Lini?"

"Ile Alhamisi."

"Ile niliyopika muthokoi?"

"Hiyo."

"Nilikuwekea mpaka ikachacha," Kavata alisema. Alijifuta uso kwa kanga, kisha akapakua ugali na sukumawiki katika sahani mbili. Ngui hakula. Aliinama juu ya sahani yake na kuuacha mvuke umpige usoni, na sahani ilipopoa aliirudisha, akamweleza habari za mshipa na baridi ya mguu. Kavata alipomshika mguu aliona ni kweli, ulikuwa wa baridi kama bomba la mfereji asubuhi. Akachemsha maji, akaloweka kitambaa, akamkanda.

Kuanzia siku hiyo Ngui alikuwa akirudi kila jioni pamoja na Nyamai. Mchana alikuwa maabarani, kwa sababu mshipa wake ulikuwa kazini, na Dakta Khalayi alimzoea akiwa amesimama karibu na dirisha akitazama magari. Jumamosi na Jumapili maabara ilifungwa, akakaa nyumbani. Majirani walimsalimu na kumwuliza habari za huko. Mchungaji alisema kanisa halina pingamizi mradi asisogee kwenye meza ya Bwana. Karani wa nyumba alipita akauliza kama idadi ya wakaao humo imebadilika, Kavata akasema haijabadilika, karani akaenda zake.

Aliyekataa jambo hilo ni Mutisya, kaka mkubwa wa Ngui. Alikuja kutoka Kitui na basi la asubuhi, akangoja hadi jioni, akamwona ndugu yake akiingia mlangoni akichechemea.

"Mtu hawezi kukaa hivi," Mutisya alisema. "Hayuko huku, hayuko kule. Sehemu nyingine walizika wapi?"

"Katika kaburi la wengi," Ngui alijibu. "Siwezi kukuonyesha. Tulikuwa tumefunikwa."

"Basi tuwaombe hicho walichobaki nacho tukakizike nyumbani, karibu na baba."

Kavata aligeukia jiko. Alijua kwamba mshipa ukizikwa, mlango hautafunguliwa tena jioni. Mutisya alipotoka kuvuta sigara, Kavata alimwuliza mumewe, "Wewe unataka nini?"

Ngui alifikiri. "Nataka kupumzika. Lakini si wiki hii."

Hata hivyo Kavata aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni lake la Jumapili, akaenda chuo kikuu. Dakta Khalayi alimpokea vizuri, akamvutia kiti. Kisha alimpeleka kwenye tangi, akamruhusu kutia mkono. Kavata aliweka vidole viwili juu ya mshipa, akafumba macho.

"Ni wake?" Dakta aliuliza.

"Ni wake. Hupiga hivi akiwa amelala." Akautoa mkono na kuukausha kwenye gauni. "Nimekuja kuuchukua, Daktari. Si leo. Shemeji yangu akishavuna tutakuwa na chakula cha watu wa matanga, ndipo tuzike."

Dakta alitoka kwenda kumwona mkuu wa idara. Aliporudi hakuketi. "Mkuu anasema mwili uliingia hapa kama wa mtu asiye na mwenyewe. Sasa mtu kama huyo hawezi kuwa na mke."

"Mimi ni mke wake."

"Naamini, mama. Nakueleza alivyosema." Alimtazama Ngui, aliyekuwa dirishani, kisha akamgeukia tena Kavata. "Lakini tangi ni langu. Nakuahidi sitautumia kwa jambo jingine bila kukwambia. Mkiwa tayari, njoo."

"Nashukuru," Kavata alisema. Akamwuliza mumewe kama anahitaji chochote, Ngui akasema hapana, wataonana jioni.

Mvua iliisha. Kitui mahindi yalianza kukauka mashambani. Ndipo alipoletwa wodini mtu aitwaye Kabiru.

Kabiru alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye maghala katika miji kadhaa, mtu mnene, mcheshi, aliyezoea kusikilizwa. Mshipa wa mguu wake wa kushoto ulikuwa umeziba, vidole viwili vimekuwa vyeusi, na siku ya kukatwa ilikuwa imepangwa. Jokofuni Dakta Khalayi alikuwa na mishipa mingine, lakini yote ilikuwa imekwisha kukakamaa, na alijua kutokana na kazi yake mwenyewe kwamba isingedumu. Mmoja tu ndio uliokuwa hai. Aliketi mbele ya tangi mchana kutwa, kidevu mkononi. Ngui alikuwa dirishani.

Alasiri Dakta alimwita Nyamai. "Fungua nyuzi. Uuweke kwenye barafu."

"Na Mama Mwende?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baadaye. Mtu huyu anakatwa mguu kesho kutwa, Nyamai. Mguu mzima."

Nyamai alifungua nyuzi. Alizifungua kwa uangalifu, ule wa juu kwanza, na mshipa uliendelea kupiga juu ya kiganja chake hadi alipouweka kwenye chupa. Jioni hiyo hakukuwa na mtu langoni. Alitembea peke yake, na alipofika Kaloleni hakupita njia ya mfereji. Alizunguka nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo, ili asipite mbele ya mlango wa Kavata.

Kavata alipakua sahani mbili. Aliketi nazo mpaka ugali ukawa mgumu. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Siku ya tatu alikwenda kwa Nyamai, akamkuta mlangoni akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo.

"Baba Mwende yuko wapi?"

Nyamai hakugeuka. Alimtazama kupitia kioo. "Yuko kwenye mguu wa mtu."

"Mtu gani?"

"Tajiri mmoja. Operesheni imekwenda vizuri."

"Ulijua?"

"Ni mimi nilifungua nyuzi," Nyamai alisema.

Kavata aligeuka, akaondoka. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakumsalimu, na Nyamai hakumlaumu.

Kavata alimkuta Dakta Khalayi wodini.

"Uliniambia utaniambia," Kavata alisema.

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Sikukwambia, maana ungekataa. Na ningekuwa nimepoteza mguu wa mtu." Macho ya Dakta yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Ningeombwa kufanya tena, ningefanya tena, mama. Sitaki kukudanganya mara ya pili."

Alimpeleka kwenye chumba cha peke yake mwisho wa ukumbi. Kabiru alikuwa amelala chali, mguu umeinuliwa juu ya mito, na rangi imerudi hata kwenye nyayo. Ngui alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni. Alipomwona mkewe aliinuka kwa adabu. Hakuwa akichechemea tena.

"Mguu umepata joto," alimwambia.

"Mbona hukuja?"

"Nimeshindwa kupita mlango. Maabara hufungwa jioni, Mama Mwende. Mguu wa mtu haufungwi."

Kabiru aliwasikiliza. "Ndiye mtu wako huyu?" alimwuliza Kavata. "Hanisumbui. Jana usiku nilipotaka maji ni yeye aliyemwita nesi." Akajaribu kujiinua, akashindwa. "Mguu ni wangu sasa, mama, hilo lieleweke. Lakini mtu ni wako. Nikiweza kutembea nitamleta kwako."

Na alitimiza neno lake. Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, Peugeot nyeupe iliingia Kaloleni na kusimama mbele ya nyumba ya Kavata, watoto wakaizunguka. Dereva, Laban, alifungua mlango wa nyuma. Kabiru alishuka kwa fimbo, na Ngui akashuka nyuma yake. Kavata alimpa mgeni kiti chenye mito, akamwekea kigoda cha kuegemeza mguu. Ngui aliketi kitandani, mahali pake.

Wakawa wanakuja kila Jumapili. Kabiru alileta mkate na majani ya chai, akanywa kikombe kimoja, akauliza bei ya mahindi ya duka la pale mtaani, kisha akasinzia. Hapo Kavata na Ngui walizungumza Kikamba kwa sauti ndogo, wakihofia kumwamsha, maana akiamka hukumbuka kwamba ana mambo ya kufanya. Kavata alimweleza mumewe kwamba Mwende amejifungua mtoto wa kiume na amempa jina lake. Ngui alitaka kumwona mtoto huyo. Alimwomba Kabiru, naye Kabiru alilifikiria kwa dhati, lakini daktari alikuwa amemkataza barabara mbovu. Mwende naye mtoto alikuwa mchanga, hakuweza kusafiri. Walikubaliana wangoje.

Wakati huo kazi ya maabara ilijulikana. Gazeti lilichapisha picha ya Kabiru akipanda ngazi bila fimbo, na chini yake maneno kwamba mshipa ulipatikana kwa hisani ya chuo kikuu. Dakta Khalayi alialikwa ng'ambo kueleza alivyofanya. Alirudi na tangi la pili na pampu mpya. Kaloleni gazeti lile lilipita mkono hadi mkono. Mtu fulani alimwuliza Kavata kwa nini jina la Ngui halimo, akasema labda nafasi ilikuwa ndogo.

Kabiru alipopona kabisa, shughuli zilimzidi. Jumapili moja hakuja, nyingine akaja kwa kuchelewa na kukaa mlangoni akitazama saa. Halafu Peugeot ikaanza kuja na Laban peke yake, amebeba mfuko wa unga na salamu.

"Mzee yuko wapi?" Kavata alimwuliza.

"Amesafiri Kisumu."

"Na Baba Mwende?"

"Naye amesafiri Kisumu. Nimewaacha hotelini." Laban alikuwa mtu mwema, hakupenda kuondoka haraka. "Ameniambia nikwambie kule kuna joto, na chumba ni kikubwa."

"Sasa wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimetumwa," Laban alisema. Alitazama miguu yake mwenyewe, ambayo haikuwa na faida kwa mtu yeyote pale.

Kavata alipokea unga. Alianza kwenda mwenyewe. Jumapili baada ya ibada alipanda basi hadi mjini, akapanda jingine, akashuka kwenye mtaa wa ua wa michongoma, akabisha lango. Njoki, mke wa Kabiru, alimpokea kwa heshima na kumkalisha kwenye baraza ya jikoni, na kama Kabiru yuko nyumbani Ngui alitoka wakakaa pamoja. Kama hayuko, Kavata alikunywa chai na wafanyakazi, akarudi Kaloleni. Ilikuwa hivyo miaka miwili. Mtoto wa Mwende alianza kutembea, akaanza kusema, na babu yake hakuwa amemwona.

Mwaka wa 1981 Kabiru alikufa. Ulikuwa ni moyo. Mguu, Dakta Khalayi alieleza baadaye, ulikuwa mzima kama siku ya kwanza.

Mutisya alipanda basi kutoka Kitui akaja kuzungumza na wafiwa. Alivaa suti, akavua kofia, akasema kwa lugha nzuri kwamba familia ya Ngui haina madai mengine yoyote, inaomba tu kipande kile, ikiwezekana, au hata mguu, kama kukitoa peke yake ni kazi ngumu. Njoki alimsikiliza hadi mwisho. Alisema anaelewa, na kwamba angekuwa yeye angeomba vilevile. Lakini mumewe atazikwa na miguu yake miwili, maana hilo ndilo lililokuwa kusudi la jambo zima. Kisha alimwagizia Mutisya chai.

Mazishi yalikuwa katika shamba la Kabiru huko Limuru, na watu walikuwa wengi mno. Kavata alikwenda kwa basi lililokodiwa na watu wa maghala. Nyamai naye alikuwemo, na Dakta Khalayi alisimama mbele pamoja na wakubwa. Kulikuwa na ukungu na udongo ulikuwa umelowa. Ngui alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi, upande wa kushoto, mikono nyuma. Watu waliotaka kupita walimwomba radhi wakapita.

Kavata alipenya hadi alipo.

"Basi," Ngui alisema. "Sasa nitapumzika."

"Kwa watu."

"Kwa watu, ndiyo. Lakini ni mahali pazuri. Kuna miti."

"Si miti yetu."

"Si yetu," Ngui alikubali. "Mtoto mwambie nilikuwa na haraka ya kumwona."

Kavata alitaka kumshika mkono, lakini padri alikuwa ameanza kusoma na watu wakainamisha vichwa. Padri alitaja jina moja. Kavata, kwa sauti yake ya chini, alitaja la pili. Njoki alimsikia. Hakugeuka, ila alisogea hatua moja kumpa nafasi. Ilipofika zamu ya kutupa udongo Kavata aliokota konzi moja, akazunguka kaburi, akautupa upande wa mguu wa kushoto, polepole, mpaka kiganja kikawa kitupu. Alipoinua macho Ngui hakuwepo.

Wakirudi, Nyamai aliketi kiti cha jirani. Basi lilikuwa limeshafika karibu na mji Kavata alipozungumza, na ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu ile asubuhi ya kioo.

"Siku hizi unatembea na nani jioni?"

Nyamai alifikicha kofia yake magotini. "Juzi tumeletewa wengine. Mmoja amenisubiri langoni. Kijana wa Kisomali, anaitwa Wehliye. Alikuwa utingo wa malori. Wamemtoa mshipa wa mkono wa kulia."

"Ana watu?"

"Ana mama. Eastleigh, nyuma ya msikiti, na anaogopa kuingia kwake kabla mama hajaambiwa. Lakini ameletwa kama hana mwenyewe."

"Umemwambia huyo mama?"

Nyamai alitazama nje. "Dakta ana mgonjwa," alisema. "Mkono wa mgonjwa umeanza kuwa mweusi."

Kavata hakungoja asikie zaidi. Siku iliyofuata, alipomaliza kuosha sufuria za shule, alikwenda Eastleigh kwa miguu, akauliza nyuma ya msikiti nyumba ya mama Wehliye, akaonyeshwa. Mama huyo aliitwa Halimo. Alikuwa akifunga sambusa uani, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwenda kituo cha polisi, hospitalini na kwenye lango la chumba cha maiti. Kavata aliketi kwenye ngazi, akamweleza yote tangu mwanzo, bila kuharakisha.

Halimo alisikiliza. Alipoambiwa kwamba mwanawe amekufa alisema maneno ya dua, akajifunika uso kwa shungi. Kisha akauliza alizikwa akielekea wapi. Kavata alisema hajui, na kwamba hata walipozikwa hawawezi kupaonyesha.

"Unaweza kwenda kuwaomba," Kavata alisema. "Watakuvutia kiti. Usikubali kuambiwa ungoje."

"Watanipa?"

"Hapana."

Halimo alifuta vidole vyake unga. "Atakuja saa ngapi?"

"Wakati watu wanatoka kazini. Mkono wa kulia utakuwa na baridi. Ukiukanda kwa maji moto hupata nafuu."

Adhana ya alasiri ilianza msikitini. Halimo aliinuka, akajaza maji birika la udhu, akaliweka mlangoni upande wa kulia, mahali lilipokaa siku zote. Alilitazama. Akalichukua tena, akalihamishia upande wa kushoto, ambapo mtu angelifikia bila kuhitaji mkono wa kulia, kisha akarudi kufunga sambusa zilizobaki.